Papa Tharcisse Mwamba na Tangi la Mvua la Forest

Papa Tharcisse Mwamba, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Likasi tarehe 9 Machi 1947, mtoto wa pili wa fundi wa reli aliyetoka Kasai. Alisoma kwa mapadri hapo hapo Likasi, akapata diploma ya ualimu mwaka 1967, akafundisha hesabu kwa miaka mingi. Hakuwa na fimbo. Macho yake yalitosha.

Tarehe 12 Julai 1975 alimwoa Maman Lucienne. Walijaliwa Graciella, Rigobert na Hervé. Mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia ililala stesheni ya Likasi wiki baada ya wiki ikingoja treni. Maji yalichotwa kwenye shimo lililoachwa wazi. Hervé, mwenye miaka miwili, alishikwa na kuhara, akafa pale pale stesheni. Tangu hapo Papa Tharcisse aliyaogopa maji, na aliogopa vilevile kuyakosa. Familia haitaificha hofu hiyo, maana ndiyo aliyoishi nayo.

Walifika Brussels mwaka 1995. Aliwahudumia wazee huko Etterbeek hadi alipostaafu mwaka 2012. Mwaka 2003 walinunua apartma katika mtaa wa Forest, katika jengo lenye bustani ya pamoja. Bomba halikukauka hata siku moja, lakini bafu lilijaa mabidoni, madumu ya maji ya akiba, hata mtu akitaka kuoga alianza kwa kuyahamisha. Maman Lucienne alisema ameolewa na kiwanda cha maji.

Mwaka 2008 wenye jengo waliitana mkutano. Mkoa ulikuwa unatoa ruzuku kwa majengo yatakayoacha kumwagilia bustani kwa maji ya bomba na kuchimbia tangi la mvua. Wengine wote waliinua mkono. Papa Tharcisse alibaki na mikono magotini, na bila kura ya kila mwenye apartma jambo lisingepita.

"Shimo ya mayi, na batoto banacheza pale yulu? Non," alisema.

Maman Lucienne alimvuta shati. Yeye aliogopa macho ya majirani. "Papa Graciella, inua mukono. Batatufukuza tena, alors tutaenda wapi?"

Akainua. Tangi likachimbiwa, ruzuku ikaja, maua yakastawi. Kifuniko kilikuwa cha chuma, chenye kufuli, lakini yeye hakukiamini. Wingu likitanda tu, alishuka na mabidoni yaliyojaa akayapanga juu yake, kama watu wanavyokandamiza vifuniko vya mapipa kwao. Monsieur Jérôme, jirani wa chini, alinung'unika kwamba bustani inaharibika sura. Baadaye alizoea, akawa anamsaidia kubeba.

Mwaka 2014 alianza kuugua moyo. Daktari alimkataza kubeba vizito. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwishoni mwa Mei 2016 alianguka bustanini, bidoni mkononi, akalazwa. Mchana wa tarehe 7 Juni mvua kubwa ilipiga madirisha ya hospitali. Akafumbua macho kwa hofu.

"Lucie, kifuniko iko ya kufungwa?"

"Iko ya kufungwa. Lala."

Maman Lucienne hakuwa amekiona tangu alipolazwa mumewe, wala hakuna aliyepanga mabidoni. Papa Tharcisse akalala. Mama akamwachia Graciella kiti, akapanda tramu kwenda nyumbani. Bustani ilikuwa imefurika. Maji yalikuwa yamekisukuma kifuniko, kufuli limekatika, na huwezi kujua nyasi zinaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Watoto wawili wa Aïcha, jirani wa ghorofa ya juu, walikuwa wakija wakirukaruka majini na mabuti yao.

Maman Lucienne aliingia majini akasimama mbele yao, mikono ameitanua, akiwaambia wasisogee. Alisimama hivyo hadi Monsieur Jérôme alipotoka na kuwabeba. Simu ya Graciella ilimkuta bado yumo majini. Papa hakuamka tena.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu wanne, na majirani wa jengo zima, ambao leo wamejaa kanisani, watoto wa Aïcha wakiwa benchi la pili. Maman Lucienne ameomba neno la mwisho liwe lake, nasi tunalisoma kama alivyolisema:

"Papa Graciella, nilikudanganya. Kifuniko ilikuwa wazi. Lakini batoto bote beko bazima. Lala."

Alale kwa amani, hata mvua ikinyesha.