Maksai Waliojua Njia ya Kilabuni

Mwangaluka, ndugu zangu. Wanaonijua wameshaanza kucheka, nawaona pale nyuma. Chekeni tu, leo nimekuja kujisema mwenyewe hapa kanisani.

Mimi nilikuwa mfundishaji wa maksai. Watu waliniletea ng'ombe hata kutoka Nassa, wakali, hawajawahi kuona nira, na baada ya majuma machache wanarudi nao wakilima. Sikuwapiga. Silaha yangu ilikuwa pumba yenye chumvi. Ng'ombe akigeuka nilivyotaka, papo hapo nampa konzi moja ya pumba. Ukichelewa, hajui umempa kwa lipi. Akishazoea, leo unampa, kesho unamnyima. Hapo ndipo anajituma zaidi, maana hajui atapewa lini.

Sasa likaja soko huria. Ninyi vijana hamkuona. Zamani pamba tulipeleka chama cha msingi cha ushirika, basi. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake. Mimi nilikuwa nabeba pamba ya majirani kwa mkokoteni, na karani mmoja wa wanunuzi hao akagundua kwamba mwenye mkokoteni ndiye anayechagua mzani. Nikisimama kwake, ananipa bia ya baridi. Siku nyingine ananipa, siku nyingine ananitazama tu. Ndugu zangu, nawaambia, fundi mzima wa maksai sikushtuka.

Msimu ukaisha, karani akaondoka, kiu ikabaki. Nikahamia kilabuni, pale njia ya kwenda mjini Bariadi. Maksai wangu, Meneja na Bwana Shamba, mama mwenye kilabu aliwawekea machicha ya pombe kwenye beseni wasisumbue. Mimi nakunywa ndani, wao wanakula nje. Tulielewana sana sisi watatu.

Asubuhi moja binti yetu wa miaka mitatu aliamka na homa kali, amelegea. Nikafunga maksai tumpeleke hospitali. Mke wangu akasema, "Baba, leo tunapita moja kwa moja." Nikasema ndiyo, na nilimaanisha.

Tulipofika kilabuni, maksai walikata kona wenyewe. Fimbo sikuigusa. Walikwenda hadi kwenye beseni wakasimama. Nikamwambia mke wangu, wacha wale kidogo, la sivyo watagoma. Nikashuka kuomba machicha. Nikapewa kata moja ya pombe, nikaimaliza. Nikapewa ya pili. Nilipotoka mkokoteni ulikuwa mtupu, na kule mbele nikamwona mke wangu anaishilia kwa miguu, juani, mtoto mgongoni.

Niliwakuta hospitali. Mtoto ametundikiwa dripu, yu hai, Mungu ni mwema. Dada yake mke wangu, mwalimu wa shule, alikuwa pale. Nikajitetea kwamba ng'ombe ndio waliokata kona. Shemeji akaniambia chuoni walisoma habari za njiwa aliyefungiwa kisandukuni, kila akidonoa mahali fulani anapata punje, mwisho anashinda anadonoa. "Wapo wasomi wanaosema hata sisi ni hivyo hivyo, shemeji. Mtu hachagui, anafundishwa na anachopewa."

"Si unaona?" nikasema. "Basi sina kosa. Nimefundishwa."

Hapo ndipo mke wangu aliponigeukia. "Meneja hajui kwamba amefundishwa," akasema. "Wewe umejua leo. Nakupa mpaka mvua za kwanza. Kama huna tofauti na Meneja, nachukua watoto naenda kwa mama."

Nikafanya kazi ninayoijua. Mke wangu alikuwa akisimama mbele kidogo ya kilabu na ungo wake. Maksai wakipita bila kukata kona, pumba papo hapo. Mimi nikipita, matobolwa ya moto ya viazi vitamu, karanga, na maneno matamu ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Wanywaji walituzomea hadi wakachoka. Mama mwenye kilabu naye aliliondoa lile beseni, machicha akawapa nguruwe wake. Baada ya mwezi hivi maksai walikuwa wamesahau. Mimi nilianguka mara mbili, na mara zote mbili kesho yake mke wangu alikuwa pale pale.

Mvua zikakaribia. Siku moja mke wangu alikuwa msibani kwao, nami narudi kutoka mjini peke yangu. Kilabu kimejaa. Maksai walipita bila hata kugeuza shingo. Mimi ndiye niliyewasimamisha. Mbele hakukuwa na mtu wala ungo, na nikinywa hakuna wa kumwambia. Nilikaa pale muda mrefu, koo linaniwasha. Nikawaza mke wangu anavyoishilia juani na mtoto mgongoni. Nikawaambia maksai, twende.

Aliporudi nikamsimulia. Alilia, kisha akainuka akanichemshia maji ya kuoga. Kwa mama yake hakwenda.

Shemeji bado anabisha. Anasema hata siku ile kuna kitu nilikuwa nakitarajia. Labda ni kweli, yeye ana vitabu. Namshukuru yeye, na mama wa kilabu aliyekubali kupoteza mteja. Ninachowaomba ni hiki: mwenzenu aliyefungwa kama mimi msimpige, na msimwambie kwamba hana uwezo. Akipita vizuri mpeni kitu hapo hapo, hata kiazi.

Na wewe mama watoto unayejificha uso kwa kitenge pale, siku ile hukuwepo na sikupewa kitu. Nilipita kwa sababu nakupenda, na leo nimelisema mbele ya watu wote.