Mzee Bucumi na Harusi Aliyoisimamisha Ujiji

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Mzee Erasto Bucumi atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi minne katika bohari yetu ya Nuru Ziwa Gesi hapa Kigoma. Aliingia Machi 1998 akiwa mpakiaji, enzi ambazo tuliuza mafuta ya taa zaidi kuliko gesi, na anatoka akiwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama. Ameomba asiagwe kwa majonzi. Tutajitahidi.

Zamani ukaguzi wa mitungi ulikuwa povu la sabuni, brashi na pua. Sisi wengine tulihitaji vyote vitatu. Yeye alisogelea lori, akavuta hewa mara moja, akaonyesha mtungi wa tatu kutoka mwisho. Tukipaka povu, kweli, linachemka. Kantini aliweza kusema samaki migebuka ni wa leo au wa jana kabla sahani haijafika mezani, jambo lililomfanya mpishi wetu Scola amwogope kuliko meneja.

Mwaka 2021 aliugua mafua makali, akalala wiki tatu, akarudi kazini mzima. Tulidhani mzima. Wiki mbili baadaye Scola aliunguza maharage hadi kantini nzima ikanuka moshi. Wote tukasukuma sahani pembeni. Mzee Bucumi alimaliza yake, akasifu, akaomba aongezewe. Tulicheka sana; yeye hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa meneja, Bi Carmen, akamweleza kwamba hanusi kitu chochote tangu augue, kwamba amekuwa akijipa moyo kuwa pua itarudi, na kwamba kabla hajaua mtu anaomba aondolewe kwenye ukaguzi. Alibakiza miaka minne tu kustaafu. Angeweza kunyamaza.

Akaletwa kwangu stoo. Miezi minane tulipanga mipira ya gesi na regulator pamoja. Hakulalamika hata siku moja, ila utani wake wote ulikuwa umeisha, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Kisha kikaja kifaa cha leza. Kina umbo la bastola nene. Ukikilenga ukutani kinatuma mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga ukuta na kurudi. Ukikuta gesi njiani, gesi inaumeza kidogo, na kifaa kinasoma kilichopungua. Unasimama getini, mita ishirini, na unajua kilichomo jikoni kwa mtu. Vijana walikitazama kama mchezo. Mzee Bucumi alikichukua kitabu chake cha maelekezo, akakaa nacho na kamusi wiki nzima, halafu akamwomba Bi Carmen ampe mtihani. Alifaulu akiwa wa kwanza, na siku hiyo utani ukarudi.

Vituko havikukosekana. Siku ya kwanza, mtaani Gungu, alisimama kando ya barabara akilenga jiko la hoteli upande wa pili, na bodaboda wote wakaamini ni trafiki kashika tochi ya kupimia mwendo. Wengine walipunguza mwendo kama wanaosindikiza maiti, wawili wakageuza, na mmoja alishuka kabisa akaanza kuisukuma pikipiki huku akisema shikamoo afande. Mzee aliitikia marahaba, akaendelea kupima.

Kwa miaka mitatu amebaini uvujaji mara mia moja na nane, mashuleni, hotelini na majumbani. Mara moja kati ya hizo ndiyo iliyonifanya niombe kuandika wasifu huu mwenyewe.

Desemba 2023 nilikuwa namwoza binti yangu Lulu, nyumbani kwetu Ujiji. Mimi, mtunza stoo wa gesi, nilileta mitungi mwenyewe na kuiunganisha mwenyewe, kwa kujidai. Mmoja wa akiba niliujaribu asubuhi, nikauweka katika chumba kidogo kinachopakana na chumba cha bibi harusi. Udi ulikuwa umejaa nyumba nzima. Dada yangu Mwanakombo alikuwa akizunguka na chetezo cha makaa, akifukiza nguo na vyumba.

Mzee Bucumi alifika akitokea kazini Kidahwe, begi la kifaa begani. Tangu pua imtoke, haingii jengo lenye mtungi bila kupima. Hata kanisani kwao Simbo hupima jiko kwanza, ndipo asali. Akiwa bado uani alilenga kupitia wavu wa dirisha la kile chumba, chini sakafuni, maana gesi yetu ni nzito na hutulia chini. Kifaa kikalia. Akalenga tena, kikalia. Akaomba majiko yazimwe, chetezo kisisogee, na watu wote watoke, bibi harusi akiwemo.

Nilipandwa na hasira. Shehe alikuwa ameshafika, wakwe wako barazani, na kumtoa bibi harusi nje kabla ya wakati niliona ni kunivua nguo. Nilinusa, wazee wakanusa, kila mtu akasema ni udi tu. Ndipo nikapaza sauti ili wote wasikie kwamba mtu asiye na pua hawezi kutufundisha harufu. Watu walicheka. Yeye alijibu “ego”, ndiyo ya Kirundi, akasimama mbele ya mlango, akasema mwenye moto hapiti hapo. Mwanakombo ndiye aliyemsikiliza. Alizamisha chetezo kwenye ndoo ya maji, akamshika Lulu mkono, wakatoka, na sisi tukafuata.

Valvu ya ule mtungi nilikuwa sijaifunga hadi mwisho. Gesi ilikuwa imelala sakafuni humo, na chetezo kilibakiza hatua nne kuufikia mlango. Nikaha ilifungwa uani saa moja baadaye, tukacheza mpaka jioni, na Mzee Bucumi alikula pilau sahani mbili.

Ripoti yake ya siku ile inasema: “Uvujaji, nyumba ya makazi, Ujiji, umedhibitiwa.” Jina langu hakuliandika, wala hajamsimulia mtu kazini. Mimi nami nimekaa kimya mwaka mmoja na nusu. Kila nilipotaka kumwomba radhi pembeni niliona haitoshi, kwa sababu nilimdhihaki mbele ya umati.

Kaka Erasto, asante kwa kazi yako yote, na kwa niaba ya bohari nzima tunakuombea afya njema, michikichi izae huko Simbo, na miaka mingi ya raha na shemeji Léoncie. Lulu atakuwepo ukumbini na mwanawe wa miezi saba. Nitakapokuletea mjukuu wangu umpakate, mbele ya wafanyakazi wote, ujue nimekuja kuomba radhi.

Luqman Hamdani, Stoo Kuu