Majani ya Salade

Tangu sokoni, muzee Hippolyte, aliyekaa mbele kando ya dereva, alijifanya anatazama barabara, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

“Nilipika kama kwa restora ya Wachina,” Mama Gertrude alimweleza abiria wa pembeni yake, ambaye hawakujuana naye. “Nyama ya kusaga, tangawizi, ndani ya jani mubichi ya salade. Unakunja, unakula vyote. Wakwe wangu wakafungua moja moja kama kwanga, ule muhogo wa kufungwa na majani! Wakakula nyama, wakaacha majani, wakauliza fufu iko wapi.”

“Walikosa nini, mama? Jani ni ya kufungia. Weye unakulaka jani ya kwanga?”

“Salade inakuliwa!”

“Na mbuzi, ndiyo.”

Hippolyte akaacha kutazama barabara. Juzi tu, kwenye restora ya Wachina, mbele ya wazazi wa mchumba wa mwanawe, alifungua majani yote kwa adabu, akala nyama, akasifu aliyefunga, kisha akaomba mfuko awapelekee sungura wake. Wazazi wale walitazamana. Alidhani wamependa moyo wake wa kufuga.

Nyuma yake walikuwa bado wanabishana teksi iliposimama mtaani Mudzipela. Akashuka bila kuaga. Nyumbani sungura walimkimbilia, wakimnusa mikono: wao walikuwa wameshazoea majani ya restora.