Nimekonda, Sijafa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mimi ni Mama Desideri, wa huku huku Kipatimu. Ninyi mnaonitazama na kunong'ona kwamba nimekonda, leo habari yenyewe nawapa kwa mdomo wangu.

Nilikuwa mnene, mnakumbuka. Mume wangu alisifiwa kwa ajili ya mwili wangu, kwamba anajua kutunza mke. Asubuhi nilikunywa chai yenye sukari tele, na maandazi juu yake. Mchana ugali mlima mzima kwa ng'onda, samaki yule aliyekaushwa kwa chumvi. Jioni hivyo hivyo. Nikiona kiu nakunywa soda, na kiu haiishi. Macho yakaingia ukungu, miguu ikafa ganzi. Nikipanda kilima kwenda shambani moyo unadunda kama unataka kutoka. Wifi yangu Pelagia akasema nimerogwa kwa wivu wa mikorosho yetu. Nami nikaamini.

Siku moja nikaanguka shambani tukiokota korosho. Mume wangu akanipakia kwenye bodaboda, na barabara yetu mnaijua, hadi hospitali. Muuguzi alinipima, akaniuliza ninakula nini. Nikamweleza, na habari ya kurogwa pia.

"Mama, hapa hakuna mchawi," akasema. "Una sukari na presha, na vyote vimepanda sana. Sukari imejaa kwenye damu, mwili unashindwa kuitumia. Chumvi nayo inapandisha presha, moyo unasukuma damu kwa shida. Dawa nitakupa, lakini usipobadilisha chakula dawa itaelemewa."

Ndugu zangu, nililia pale kitandani. Nikamwambia Mungu: ukiniita nitakuja, lakini ng'onda haitanizika. Nikatoka nimekata shauri. Dawa nameza kama nilivyoelekezwa. Chai nainywa bila sukari. Ugali kidogo, kunde na mchicha kwa wingi, samaki wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya.

Nikaanza kupungua, na vita vikaanza. Mama mkwe akasema namwaibisha mwanawe, watu watadhani ananinyima chakula. Wengine mlisema nina ugonjwa ule msiopenda kuutaja. Kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya mtoto wake, Pelagia aliniwekea mbele ya watu sahani ya pilau inayoelea mafuta, na soda pembeni.

"Kula," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Au kuna ugonjwa unaotuficha?"

Nikaisukuma ile sahani, nikasimama.

"Sifichi. Ugonjwa wangu ni sukari na presha. Wangapi humu wanayo na hawajui, kwa kuwa wanaogopa kupima? Mimi nimepima. Nichekeni mpaka mchoke. Pilau hii sili."

Mume wangu naye akasimama. "Mke wangu simnyimi chakula," akasema. "Nataka tuzeeke wote."

Pelagia hajanisemesha tangu siku ile. Sawa, sitambembeleza kwa kula. Lakini mama mkwe alikuja jikoni kwangu, akavuta kigoda, akakaa. Kisha akasema, "Mkwe wangu, hiyo mboga yako isiyo na chumvi nipakulie na mimi. Kichwa kinanigonga kila siku." Kesho yake nilimpeleka akapimwe, na presha ilikuwa juu. Sasa tunakula chungu kimoja.

Sukari yangu imeshuka, presha imetulia, na kile kilima nakipanda nikiimba. Dawa bado nameza, wala sioni aibu. Anayeniambia kwamba mwenye imani hapimwi, namjibu hapana. Mungu aliyeniumba ndiye aliyemweka yule muuguzi njiani mwangu, na wote wawili nawashukuru.

Mtumainini Mungu, ndugu zangu, kisha nendeni mkapimwe. Anayeogopa kwenda peke yake apite kwangu. Nitamshika mkono, twende.