Mama Baridi na Mfuko wa Mapapai

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kitengo chetu cha utafiti wa mazao yaliyovunwa, mhandisi mwandamizi wa kilimo ambaye sote tunamwita Mama Baridi anastaafu. Safari hii ni kweli. Nalisisitiza hilo kwa sababu tumeshamuaga mara mbili. Mara ya kwanza tulikata keki, tukalia, tukapiga picha, na Jumatatu asubuhi tukamkuta amepiga magoti mlangoni mwa chumba cha majaribio akikagua mpira wa kuzibia. Mara ya pili aliomba kuongezewa mkataba hata keki haijaisha. Mkuu wa kitengo alipoulizwa kama tuandae sherehe ya tatu, alisema tusubiri kwanza tuone kama mwenyewe atakubali kutoka.

Amekubali. Sisi wenzake tumeshusha pumzi, na naomba tusieleweke vibaya: hatumfukuzi. Tumeshusha pumzi kwa sababu yeye mwenyewe ameshusha pumzi, na kwa tunaomjua, hilo ni jambo jipya kabisa.

Alijiunga nasi akiwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga hesabu za mifereji ya kumwagilia, nayo aliifanya vizuri bila kuipenda. Siku moja alitumwa soko la jumla kukagua mizani. Huko alimkuta mama mkulima amesimama kando ya gari la nyanya zilizolainika njiani. Wapagazi walikuwa wakizimwaga shimoni, kreti baada ya kreti, na yule mama akawa anaomba tu arudishiwe kreti zake. Mama Baridi alirudi ofisini akiwa amefura, akamweleza mkuu wa wakati ule kwamba tunawafundisha watu kulima ili wakatupe. Mkuu akamjibu kwamba kama ana la kufanya, basi alifanye. Nadhani alitaka tu apishwe anywe chai yake.

Alichofanya ni chumba. Ukikitazama kwa nje hakikutishi: kuta za waya zilizopangwa mbilimbili, katikati zimejazwa mkaa, na juu yake bomba lenye matundu linalodondosha maji. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, ndani kunapoa, kama maji yanavyopoa kwenye mtungi. Pampu ndogo inatosha. Lakini kulisema hilo ni rahisi. Chumba cha kwanza alikiziba mno, mboga zikaota ukungu hadi ukadhani zimevalishwa sweta. Cha pili kilivuja kila upande, na kwa mwezi mzima tukawa tunafuga vyura kwa gharama za ofisi. Cha tatu ndicho kilichokubali. Mchicha uliokuwa ukinyauka siku ya pili ulikaa karibu wiki nzima ukiwa bado umesimama wima. Alituita wote, hata mlinzi wa getini, tuje tuvunje jani tusikie linavyolia.

Nyumbani kwake utafiti haukuwa na likizo. Mumewe, fundi seremala mwenye subira ya ajabu, ametueleza kwamba rafu ya chini ya friji ilikuwa ya familia na mbili za juu zilikuwa za kazi. Kila nyanya ilibandikwa tarehe na onyo. Binti yao alikuwa mtu mzima ndipo akagundua kwamba nyanya za kwenye friji huwa zinaliwa.

Kazini alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: tunda lililoiva lisikanyage chumba cha mboga. Tunda likiiva hutoa hewa ambayo huioni kwa macho, nayo hewa hiyo huyafanya majani yazeeke na kugeuka manjano kabla ya wakati wake. Atakayekamatwa ataosha kreti zote za siku hiyo. Mkuu wetu wa sasa aliwahi kuziosha, suti na yote, kwa ajili ya ndizi moja aliyoisahau kwenye mfuko wa koti. Na kila asubuhi, kabla ya kusoma kipimajoto, Mama Baridi alifungua mlango, akafumba macho, akanusa. Alitulazimisha sote tunuse. Wageni waliotutembelea walidhani tunaanza kazi kwa sala.

Sasa nieleze kwa nini hakuweza kuondoka. Miaka michache iliyopita alijenga chumba kikubwa pamoja na chama cha wakulima wa mboga, wanaouza kwa hospitali na shule za bweni. Bodi inayosimamia kitengo chetu ikatamka wazi kwamba siku atakapostaafu, chama kikishindwa kukiendesha chenyewe, chumba kitafungwa na mradi utaishia hapo. Kila alipofikiria kwenda kupumzika, alimwona yule mama wa sokoni akiomba kreti zake. Alimfundisha kazi katibu wa chama, mama mchangamfu mwenye sauti inayofika shamba la jirani bila simu, kisha akawa anairudia kazi yote nyuma ya mgongo wake. Katibu alilalamika, na sote tulisikia, kwamba hajawahi kuona mwalimu anayemfanyia mwanafunzi mtihani halafu anashangaa mwanafunzi hafaulu.

Mwezi Machi, chumba kikiwa kimefurika mzigo wa hospitali, binti yake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Simu ilimkuta Mama Baridi mlangoni mwa chumba, mkononi ana mfuko wa mapapai mabivu aliyotaka kumpelekea huyo huyo binti. Katika ile taharuki, mkono ukafanya ulichokizoea kwa kila kitu kinachoharibika: ukakitia mahali pa baridi. Aliusukuma mfuko nyuma ya kreti za matango, akarukia pikipiki, akaenda zake. Kufika wodini, simu yake ikazima. Kwa mara ya kwanza tangu chumba kijengwe, hakuna aliyeweza kumuuliza kitu.

Kesho yake asubuhi katibu alifungua mlango, akafumba macho, akanusa, akaganda. Alisema kuna utamu humo ndani. Fundi wa pampu akasoma kipimajoto, akasema joto liko sawa, maji yanatoka, tusipoteze muda, gari la hospitali liko njiani. Nami, niseme ukweli, sikunusa chochote. Katibu hakutusikiliza. Aliagiza kreti zote zitolewe kivulini, na sisi wenye vyeo tukabeba kama wengine. Nyuma ya safu ya mwisho tukaukuta ule mfuko, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni wa nani, maana mwenyewe huja nao kazini kila siku. Tulitazamana. Mtu mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa.

Mchicha uliokuwa jirani na mapapai ulikuwa umeanza kupauka pembeni. Katibu aliutenga uuzwe siku ile ile, akaacha mlango wazi chumba kipumue, akalowesha mkaa upya, akapanga kila kitu ndani kabla jua halijawa kali. Gari lilipofika, mzigo uliondoka mzima. Mpishi wa hospitali aliupokea bila kurudisha hata fungu moja.

Huko wodini, Mama Baridi alikuwa amempakata mjukuu wa kike, mzima wa afya, alipokumbuka. Mumewe anasema alipiga ukelele ambao ulimleta nesi mbio akidhani mtoto ameanguka. Alitufikia amevaa kandambili za wodini, jasho linamtoka, akaingia chumbani bila kusalimia mtu. Alinusa. Akazunguka kreti moja moja, akanusa tena. Katibu akamsimulia yote, kuanzia utamu hadi gari la hospitali. Ndipo alipogeuza kreti tupu, akaikalia, akalia kwa kwikwi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, kisha akacheka mpaka miwani ikadondoka. Katibu alingoja amalize. Halafu, kwa heshima zote, akamkabidhi brashi na sabuni.

Aliziosha kreti zote, na hakuna aliyewahi kuziosha kwa furaha kiasi kile. Alipomaliza, mikono ingali imelowa, alikwenda moja kwa moja kwa mkuu kumwambia kwamba yuko tayari kustaafu. Bodi nayo, baada ya kuona msimu ulivyokwenda, imekikabidhi chama chumba hicho moja kwa moja.

Kwa niaba ya kitengo, namshukuru mumewe kwa kutuazima mke kwa muda wote huu, na namshukuru binti kwa kujifungua siku ile hasa. Nawe, Mama Baridi, asante kwa kila kreti ambayo haikumwagwa shimoni. Ulitugombeza sana. Tulistahili karibu mara zote.

Lipo jambo tulilokuficha hadi leo. Wiki iliyopita, ulipokuwa likizo, pampu iligoma katikati ya siku ya joto, chumba kikiwa kimejaa. Chama kiliunda zamu ya kumwagia mkaa maji kwa ndoo, fundi akaitengeneza pampu, na mzigo ukafika shuleni kwa wakati. Hatukukupigia simu, na wala haikumjia mtu kwamba tukupigie. Mboga zenyewe zimeshaliwa. Kapumzike dada yetu, ulale usingizi mzito, na Mungu akujalie umri mrefu wa kumlea mjukuu wako.