Gata la Bi Saumu Linakohoa

Benchi la Bi Saumu lilikuwa Ujiji, kwenye njia inayoteremka ziwani, mgongo ukutani na miguu juani. Halikuwa benchi la kununuliwa. Lilikuwa ubao wa mtumbwi uliokufa, umelazwa juu ya mawe mawili, na aliyekaa katikati alinesa kila jirani yake alipocheka. Alasiri, sala ikishamalizika, Bi Saumu alitoka na jiko la mkaa, dele la kahawa, sahani ya kashata na vikombe saba, na kabla hajapuliza moto wateja wake watatu walikuwa wameshakaa. Wa kwanza, Swaibu, aliitwa Kalafati kwa sababu kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za mitumbwi kwa pamba na mawese. Wa pili, Musa, alikuwa fundi cherehani asiyetengana na redio yake ya mkononi, ndiyo maana akaitwa Profesa. Wa tatu alikuwa Mzee Saidi, na huyo hata wajukuu zake walimwita Balozi, kwani ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba ya Bi Saumu ilikuwa mojawapo.

Ulikuwa mwaka ule watu wa ng'ambo walipoanza kuvuka ziwa kwa wingi wakikimbia vita, mwezi wa Novemba. Kwa hesabu ya mtaa, nyumba ya Bi Saumu ilikuwa na mtu mmoja, yeye mwenyewe, mjane. Kwa hesabu ya sufuria walikuwa kumi. Mariana, mtoto wa mama yake mdogo aliyeolewa ng'ambo, alikuwa amefika wiki tatu nyuma akiwa na watoto saba na mama mkwe asiyeweza kutembea hatua ishirini bila kupumzika. Tangazo lilisema wageni wote wapelekwe kambini kwa lori, na mwenye nyumba atoe taarifa kwa balozi wake. Bi Saumu hakutoa. Mtoto wa mwisho wa Mariana alikuwa na miezi mitatu na kifua kibaya, na lori lilikuwa wazi.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa maji. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Agosti, na maji ya ukingoni mwa ziwa yalikatazwa kwa ajili ya kipindupindu. Likabaki tangi lake la saruji pembeni mwa nyumba, naye alitegemea mvua za kwanza zilijaze. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu, ya nguvu, saa nzima. Asubuhi alifunua mfuniko akakuta ndoo moja na nusu. Gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, lilikuwa limepasuka, na maji ya paa zima yalikuwa yamemwagika barabarani. Angeweza kununua maji kwa wachotaji wa mbali, lakini mjane anayeishi peke yake akionekana ananunua ndoo kumi kwa siku, mtaa mzima utajua anaoga na nani.

Ndiyo maana alasiri ile ya Jumatano alikuwa akimsubiri fundi kutoka Mwandiga, aliyeagizwa kupitia akina mama wauza ndizi. Na ndiyo maana Kalafati alikuwa amenuna.

— Yaani mimi nipo hapa, pua na mdomo, wewe unaagiza fundi Mwandiga, alisema Kalafati. Huko kuna ziwa?

— Gata si mtumbwi, kaka, alijibu Bi Saumu akimmiminia.

— Kinachopitisha maji na kisichotakiwa kuvuja, kwangu mimi ni mtumbwi.

— Si uliliziba mwaka jana wewe? aliuliza Profesa.

— Nililiziba vizuri.

— Kwa mawese.

— Pamba safi na mawese safi. Mitumbwi ya Kibirizi yote inaelea kwa mkono huu.

— Na panya wakala.

Kalafati alikunywa kwanza. Ilikuwa kweli. Pamba iliyolowa mawese ilikaa kwenye nyufa za gata miezi mitano ya kiangazi bila tone la mvua, na panya wa paa zima walikuja karamuni. Mwezi wa Julai Bi Saumu aliwasikia wakikimbizana juu ya ubao wa paa kama watu wa arusi.

— Kosa si la mawese, alisema Kalafati. Kosa ni la mwenye gata. Mtumbwi ukikaa juu ya mchanga wiki mbili, mbao zinaachana. Ukiurudisha majini, zinavimba, zinajiziba zenyewe. Sasa yeye gata lake alilianika tangu Mei. Ulitakiwa ulimwagilie, Bi Saumu. Ndoo moja kila asubuhi, kiangazi chote.

— Amwagilie maji gata ili lije limpe maji, alisema Profesa polepole.

— Ndiyo matunzo hayo.

— Na plastiki inavimba, Kalafati?

— Hujaijaribu.

Hapo juu yao pakasikika mlio mkavu, tak, kama mtu aliyevunja kijiti. Wote waliinua macho. Gata lilikuwa bomba la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu, marehemu mume wa Bi Saumu alivipigilia vipande viwili mwaka wa mwisho wa uhai wake. Lilipowekwa lilikuwa la kijivu. Sasa lilikuwa jeupe kama chaki, limejikunja mawimbi mawimbi, na ukilipitishia kidole unga ulibaki kidoleni. Alasiri jua la upande wa ziwa lililipiga moja kwa moja, nalo lililia hivyo hadi magharibi.

Bi Saumu alilipenda tak hilo. Lilimpa mahali pa kuangalia mbali na mlango.

Kisha ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, chembamba, cha kifua kilichojaa.

Bi Saumu aligonga mfuniko wa dele. Alikuwa amechelewa.

— Ni nini hicho? aliuliza Balozi. Alikuwa hajasema neno tangu aketi.

— Gata, alisema Kalafati.

— Linakohoa?

— Siku hizi linakohoa, mzee. Vumbi la kiangazi limeliingia.

Balozi alitikisa kichwa taratibu, akauma kashata. Bi Saumu aliyaangalia mataya yake yakitafuna. Mzee huyu alikuwa mpole, lakini alikuwa wa kazi yake. Mwaka juzi alimwandika mkwe wake mwenyewe kwenye taarifa kwa kuficha mbuzi mgonjwa. Kila alichokisikia alikiweka mahali.

— Mimi nawaambia tatizo hamlijui, alisema Profesa, na akaongeza sauti ya redio kidogo bila sababu yoyote. Nyumba hii ina majua mawili.

— Haya.

— Sikiliza. Jua la juu lile pale. Sawa? Sasa ziwa lile pale chini ni kioo. Jua linapiga kioo, linarudi, linakuja kulipiga gata kwa chini. Nyumba za Mwandiga zina jua moja, ndiyo maana magata ya huko yanadumu. Hapa gata linakaangwa huku na huku kama mgebuka wa ziwani.

— Sasa dawa yake?

— Kuigeuza nyumba.

— Nyumba igeuzwe, alisema Balozi.

— Mgongo uelekee ziwani. Au ziwa litiwe kivuli, lakini hiyo ni kazi ya serikali.

Kalafati alicheka hadi benchi likanesa, na ndani, kana kwamba kicheko kimemwamsha, mtoto mchanga akalia. Alilia kwa sauti kamili, bila kificho, kama walivyo watoto wachanga. Mtu alimtuliza haraka. Halafu sauti ya mwanamke ikanong'ona karibu mno na dirisha: "Maji inaisha."

Hakuna mtu wa Ujiji anayesema *maji inaisha*.

Bi Saumu aliinama kwenye jiko akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yamekolea tayari.

— Plastiki ikipata moto sana hulia, alisema Profesa.

— Hulia, Kalafati aliafiki. Nimeisikia Kibirizi. Madumu yakiachwa juani yanalia kama watoto.

— Wa miezi mingapi? aliuliza Balozi.

— Inategemea na dumu, mzee.

Bi Saumu aliinua uso kutoka kwenye moshi. Kalafati alikuwa akikitazama kikombe chake kwa makini kupita kiasi. Profesa alikuwa ameongeza tena sauti ya redio, ilhali palikuwa na matangazo ya sabuni tu. Ndipo alipoanza kuyapanga mambo ya siku za nyuma. Ijumaa iliyopita sahani ilipovunjika ndani, nani alianza ghafla kubishana kuhusu mpira? Na wiki ya kwanza, watoto walipogombana, nani aliyeimba? Kalafati haimbi. Kalafati hata kaswida huitikia kwa kichwa.

Walijua. Upumbavu wote huu, majua mawili, gata la kumwagilia, walikuwa wakiurundika mlangoni pake kama watu wanaoweka magunia ya mchanga. Moyo ulimjaa, kisha ukamwogopesha zaidi. Siri ya watu watatu alikuwa ameifahamu kama siri ya mtu mmoja. Na wa nne alikaa katikati yao, anatafuna kashata.

— Mimi nina mawazo mengine, alisema Balozi.

Redio ilipunguzwa.

— Hili gata lilitoka Dar es Salaam. Lilipanda treni. Limezaliwa pwani, kwenye unyevu, limezoea hewa ya chumvi. Mnalileta huku, siku mbili na nusu njiani, mnaliangika juani, hamjaliuliza limekula nini. Kitu kilichotoka mbali hakipasuki kwa jua peke yake.

— Kinapasuka kwa nini, mzee?

— Ugeni, alisema Balozi.

Hakuna aliyecheka. Bi Saumu alitafuta usoni kwake kama lile lilikuwa utani, onyo au nini, asipate kitu. Uso ulikuwa ule ule wa kila siku, wenye chembe ya karanga kwenye ndevu.

Fundi aliwakuta hivyo. Alikuwa kijana mrefu wa Kiha, ngazi begani, mfuko wa vifaa mkononi, viatu vyekundu kwa vumbi la Mwandiga.

— Shikamooni. Naitwa Telesphory. Gata ndilo hili?

— Marahaba. Ndilo hilo, ukalitibu, alisema Kalafati kwa uchungu.

Telesphory aliegemeza ngazi, akapanda, akakwangua gata kwa ukucha, akachungulia kila msumari mmoja mmoja hadi mwisho. Wazee walimtazama kwa mashaka. Siku mbili nzima walikuwa wamelijadili gata, na kati yao hakuna aliyelipandia.

— Lilipigiliwa misumari, alisema kutoka juu. Mchana plastiki inapata joto, inarefuka. Usiku inapoa, inafupika. Kila siku. Sasa ukiibana kwa misumari huku na huku, itarefukia wapi? Inajikunja, halafu inachanika palepale penye msumari. Tazameni, kila ufa uko kwenye msumari. Jua limelikausha, lakini msumari ndio uliolipasua.

— Kwa hiyo halikuhitaji kumwagiliwa, alisema Profesa.

— Kumwagiliwa?

— Endelea, baba, alisema Kalafati.

— Nitakata vipande vilivyokuwa unga, nitaunga vipya, kipande kimoja ndani ya kingine kwa urefu wa kiganja kizima bila kubana. Halafu nitalining'iniza kwenye vishikizo vya chuma bapa, likae kama mtu aliyelala kwenye machela, lipate pa kunyooka. Juu nitapaka rangi nyeupe ya mafuta. Litakaa.

Alishuka, akajifuta mikono, akalizunguka tangi kwa hatua, akalipigapiga ubavuni. Lililia tupu. Akalitazama paa, ambalo upande wake wa pili ulimwaga maji uani, kusikokuwa na gata lolote.

— Mama, alisema akimgeukia Bi Saumu, akitoa penseli nyuma ya sikio. Hapa ndani mnaishi watu wangapi?

Lilikuwa swali la kazi. Aliuliza kama ambavyo mshonaji huuliza kiuno.

Kalafati alikigeuza kikombe kuona kama kuna kitu chini yake. Profesa aliinamia redio akatafuta stesheni, akaipita ile aliyokuwa nayo. Bi Saumu alifungua mdomo. *Mmoja* ilikuwa tayari ulimini, ameitumia wiki tatu, na sasa ikakataa kutoka, kwani akisema mmoja fundi atamwekea gata la mtu mmoja, na mvua ijayo ikipita hivyo watu wake hawatafika Ijumaa. Na akisema kumi, amemwambia Balozi.

— Si lazima idadi kamili, alisema fundi, akishangaa kimya kile. Nataka tu kujua. Kama ni wachache, upande huu wa mbele unatosha. Kama ni wengi, niweke na uani.

Gata likalia tak.

Balozi aliweka kikombe chini, akajipangusa ndevu, akasimama kwa awamu, goti moja baada ya jingine.

— Fundi, wewe unapima paa au unapima watu?

— Napima paa, mzee. Lakini…

— Basi pima paa. Lote.

— Pande zote mbili?

— Kwani uani hakunyeshi?

Telesphory alitoa tepu yake. Upande wa mbele aliumaliza mwenyewe, akaandika kwenye boksi la kiberiti. Kwa uani alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Kalafati akanyanyuka haraka, Profesa naye akanyanyuka, wakagongana. Balozi alikuwa ameshaichukua ncha. Aliiviringa kidoleni akapita kichochoro kati ya nyumba na tangi, polepole, tepu ya manjano ikimfuata nyuma ukutani.

Bi Saumu alibaki mbele ya nyumba. Aliisikia ndala ya mzee ikigonga saruji ya uani, kisha ikasimama. Sauti za watoto zilikatika zote mara moja, kama redio iliyozimwa. Fundi, akiwa kwenye kona na ncha yake, alisubiri bila kujua anasubiri nini.

— Shikamoo, mama, ilisema sauti ya Balozi.

Halafu sauti ya kikongwe, ya ng'ambo, ya mtu asiyejua ajibu nini:

— Jambo, baba. Jambo sana.

Kalafati alifumba macho. Bi Saumu alishika ukuta.

— Huku kwetu ukiambiwa shikamoo unaitika marahaba, alisema Balozi, bila haraka. Utazoea, mama. Sogeza kiti kidogo nipite na tepu.