Mbuzi wa Pili wa Akika: Maisha ya Nyange Silima wa Ole

Assalamu alaykum, Shehe Zahran, wazee, jamaa na majirani mliomsindikiza kaka yangu leo Ijumaa, tarehe 13 Septemba 1963, mimi Khatib Silima, mdogo wake, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na mwenyewe aliniusia nisipunguze neno.

Marehemu Nyange Silima alizaliwa hapa Ole mwaka 1908, akasoma Kurani chuoni kwa baba yetu hadi akahitimu mwaka 1921, shule ya serikali akaiacha baada ya mwaka mmoja kwa kuwa, kwa maneno yake, iliteketeza chaki bure, kisha akachuma karafuu katika mashamba ya watu mpaka mwaka 1932, alipoanza kufuga mbuzi, kazi aliyoifanya hadi nguvu zilipomwishia.

Wafugaji mliopo mnajua kwamba kiangazi majani huwa ya kutafuta, na mbuzi akitupiwa chini hula kidogo, hukanyaga na kukojolea yaliyobaki, kisha hayagusi tena hata kwa njaa, jambo lililomuuma kaka yangu kuliko misiba mingi niliyomwona nayo. Mwaka 1957 akasuka susu ya kamba za makumbi, yenye matundu ya vidole vitatu, akaijaza majani makavu, akaitundika usawa wa macho ya mbuzi, na chini akatandika mkeka mkuukuu wa kudaka yanayodondoka, tukamcheka, na mwaka uliofuata kila banda kuanzia hapa hadi Wawi lilikuwa na susu.

Alimwoa Bi Moza, ambaye yumo ndani na wanawake wenzake, mwaka 1934, wakajaaliwa mabinti wanne, na tarehe 8 Februari 1960, sisi wengine tulipokwisha kukata tamaa kwa niaba yake, akapata mwana wa kiume, Jaribu, na kwa akika yake wakatengwa mbuzi wawili madume walionona.

Wiki hiyo majani yalikuwa machache, akaishusha susu shibiri moja ili usipotee hata unyasi, nami nilimwambia kwamba mbuzi wale wana pembe, akanijibu kwamba sijawahi kufuga hata kuku akanona, na kweli sijawahi. Alfajiri ya siku ya akika, Jumapili tarehe 14, tulimkuta mmoja ananing'inia, pembe zimenasa, shingo imekabwa na kamba. Bi Moza alisema, "Bwana Nyange, huyo keshakufa," naye akamjibu, "Nyamaza, Moza, huyu kala majani ya miezi mitatu," akamlaza kuelekea kibla, akapiga bismillahi, akaupitishia mzoga kisu.

Mkala. Wengi mlioko hapa mliusifu mchuzi, Shehe Zahran ulitengewa maini kwa heshima yako, na Bi Moza peke yake alisema kichwa kinamuuma, asiguse nyama.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuumwa koo, dakta akasema ni uvimbe usiokatika, kufikia Julai hata uji haukupita, na mtu aliyechukia kumwaga akawa anatema bakulini kila alichopewa, nami sisemi kuwa ilikuwa adhabu, yeye ndiye aliyesema. Jana Alhamisi, saa nne asubuhi, alifariki, baada ya kuniagiza nimwombee radhi kwa kila aliyekula.

Familia inamshukuru dakta aliyekuja kwa baiskeli bila kuitwa mara mbili, majirani waliochimba kaburi, na wafugaji wenzake waliowalisha mbuzi wake miezi yote hii. Ninyi mlikula bila kujua, hamna dhambi, nawaombeni mumsamehe, na Bi Moza asilaumiwe kwa kunyamaza, maana aliamriwa na mumewe. Mimi sikuamriwa na mtu, mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi yule, nikaisikia imekwisha kukakamaa, nikanyamaza, na mchana nikala sahani mbili.

Lala kwa utulivu, kaka yangu, radhi yako nimekwisha kuiomba, yangu sijui ataniombea nani.